Nimepiga zeze miaka 11, sina akiba hata ya mwezi mmoja. Niuze nyimbo zangu?

NyuziMbili

Wadau, habari za jioni. Naomba ushauri, na naomba msinicheke kabla sijamaliza.

Napiga zeze na kuimba nyimbo za asili. Nina miaka 34, na miaka 11 sasa hii ndiyo kazi yangu, sina nyingine. Tuko watatu: mimi, mpiga ngoma, na dada mmoja anayeitikia na kutikisa kayamba. Tunaitwa kwenye harusi, kwenye matamasha, mara mojamoja makumbusho au shuleni. Mwaka jana, kwa mara ya kwanza maishani, niliweka daftari. Mwisho wa mwaka nikahesabu maonyesho 47. Nilijiona mtu mkubwa. Nikaangalia akaunti, nikakuta kilichomo hakifikii kodi ya nyumba ya mwezi.

Nikalirudia daftari. Kati ya yale 47, 29 yalikuwa ndani ya miezi 4 ya msimu. Miezi 8 yote iliyobaki ilinipa 18. Kuna mwezi mmoja sikuitwa popote, nikaumalizia kwa kuuza mikrofoni yangu ya zamani.

Sasa mambo mawili yamekutana. La kwanza ni deni. Nilikopa ninunue spika mbili, riba asilimia 5 kwa mwezi, marejesho 12. Nimelipa 7, bado 5. La pili, kuna mtayarishaji amekuja anataka nyimbo zangu 6. Hataki tukarekodi pamoja. Anazitaka nyimbo zenyewe: nisaini, anilipe mara moja, tuachane. Pesa anayotaja ni sawa na matumizi yangu ya nyumbani ya miezi 8. Sijawahi kushika pesa kama hiyo kwa mkupuo. Ningemaliza deni, nikabaki na kitu, nikapumua.

Kinachonikera ni kwamba mbili kati ya hizo sita si zangu hasa. Nilizipata kwa bibi mzaa mama, naye alizikuta. Mimi nimezipangia zeze upya na kuongeza beti.

Niuze? Na hata nisipouza, mtu wa kipato cha leo mvua kesho kiangazi anapangaje pesa? Kila ushauri wa fedha ninaousoma unaanza na "mshahara ukiingia". Mimi hakuna kinachoingia chenye jina hilo.

TajiriMtarajiwa

Uza mkuu. Nyimbo utatunga nyingine, kichwa si unacho? Pesa ya miezi 8 hata wenye ajira hawaioni. Halafu hizo za bibi yako nani atakuja kudai, mizimu?

BibiManju

NyuziMbili mwanangu, usimsikilize huyo, ingawa sitasema anakosea kila kitu. Nina miaka 61, nimeimba na kupiga zeze miaka 38, na swali lako hilo niliwahi kulijibu kwa vitendo nikiwa na miaka 26. Niliuza nyimbo nne.

Nikueleze ilivyokuwa. Nilipewa karatasi mbili, nikasaini ya pili bila kusoma ya kwanza. Pesa ikaja siku hiyohiyo. Nilinunua godoro na cherehani. Miaka sita baadaye nikawa narekodi kanda yangu ya kwanza, nikataka kuweka mmoja wa zile nyimbo, wimbo niliomtungia mwanangu wa kwanza. Nikaambiwa niandike barua kuomba ruhusa. Mimi, niombe ruhusa ya kuimba jina la mwanangu. Sikuandika. Kanda ikatoka bila wimbo huo, na baadaye nikausikia redioni kwenye tangazo la sabuni, nimekaa kwenye gari na abiria wenzangu, na jirani yangu anautikisia kichwa.

Lakini cherehani ninayo mpaka leo. Nasema kweli: ile cherehani imelipa ada nyingi kuliko nyimbo zangu zote kwa pamoja. Kwa hiyo sitakudanganya kwamba kuuza ni dhambi. Kuuza kitu kisichozeeka ili ununue kitu kinachozalisha, hapo kuna mazungumzo. Kukiuza ili ulipe kodi ya nyumba, hapana, kwa sababu kodi itarudi mwezi ujao na wimbo hautarudi.

Kisa cha Solomon Linda unakijua? Mwimbaji wa Kizulu, mtu wa Msinga. Mwaka 1939 aliingia studio Johannesburg na kundi lake la Evening Birds, wakarekodi Mbube. Ile sauti nyembamba inayopaa kuelekea mwisho, ambayo leo kila mtoto anaijua, aliibuni palepale mbele ya kipaza sauti. Haki za wimbo akaziachia kwa shilingi 10. Ukavuka bahari. Pete Seeger na wenzake wa The Weavers wakauimba Marekani kwa jina la Wimoweh, maana walisikia "uyimbube" wakaandika kile masikio yao yaliweza kushika. Mwaka 1961 The Tokens wakaugeuza kuwa The Lion Sleeps Tonight. Mwaka uliofuata Linda akafa maskini. Na hakuwa mvivu: alikuwa na kazi ya kuajiriwa kwenye kampuni ileile iliyotoa sahani yake ya santuri. Mwenye wimbo anabeba maboksi ya sahani.

Wanawe walikuja kwenda mahakamani mwaka 2004, baada ya wimbo kutumika kwenye filamu ya The Lion King, na mwaka 2006 wakafikia makubaliano ya kulipwa. Na walipataje pa kushika? Kwa sheria ya zamani ya Uingereza ya mwaka 1911, iliyosema miaka 25 baada ya mtunzi kufa haki zinarudi kwa warithi, hata kama mwenyewe aliziuza. Usitegemee mwanya wa namna hiyo utakusubiri wewe.

Sasa pesa. Umesema vizuri kwamba ushauri wa "mshahara ukiingia" haukuhusu. Mimi nilipokuwa kama wewe nilikuwa nahesabu maonyesho. Nimeitwa mara tatu wiki hii, mimi tajiri. Hesabu ya maonyesho ni ya sifa, haina kazi nyingine. Siku hizi napima pesa kwa siku.

Fanya hivi. Kusanya matumizi ya nyumba ya miezi mitatu: kodi, chakula, ada, dawa, simu, nauli, kila kitu. Gawa kwa 90. Hiyo ndiyo bei ya siku yako moja duniani. Kisha kila onyesho, toa kwanza vya kazi: nauli ya kundi, nyuzi, mgao wa wenzako. Kinachobaki kigawe kwa bei ya siku. Harusi ile imekupa siku 9. Ile ya rafiki yako uliyopunguza bei imekupa siku 2. Andika siku kwenye daftari, usiandike pesa.

Kaifanye hiyo hesabu kwa maonyesho yako 47 urudi hapa. Kabla ya hapo mtu akikushauri uuze au usiuze anabahatisha, hata mimi.

KaraniMstaafu

Nimefanya uhasibu miaka 30, zeze silijui, ila riba naijua. Kaka, hebu tuliangalie hilo deni lako.

Asilimia 5 kwa mwezi inahesabiwa juu ya nini? Juu ya pesa iliyobaki, au juu ya mkopo wa mwanzo hadi mwisho? Wakopeshaji wengi wadogo wanahesabu kwa njia ya pili. Tuseme ulikopa 100. Kila mwezi riba ni 5, kwa miezi 12 ni 60, jumla unarudisha 160, yaani kama 13.3 kila mwezi. Lakini ile 100 hukai nayo mwaka mzima, unaipunguza kila mwezi huku riba ikiendelea kutozwa kana kwamba hujalipa chochote. Ukiipiga hesabu sawasawa, riba halisi unayotozwa kwa pesa uliyo nayo mkononi ni takriban asilimia 8 kwa mwezi. Namba iliyoandikwa kwa herufi kubwa siyo unayolipa.

La pili, na hili ndilo muhimu kwa swali lako: kaisome hati ya mkopo uone inasemaje ukilipa mapema. Ipo mikataba inayokufutia riba ya miezi iliyobaki, na ipo inayokudai riba yote iwe umelipa leo au mwisho. Kama ni ya aina ya pili, kuuza nyimbo ili umalize deni mapema hakukuokolei hata senti. Unatoa marejesho matano kwa pamoja badala ya moja moja, na faida yote inabaki kwa mkopeshaji.

Na spika zikishalipwa, usiache kuzilipa. Kama unaona zitadumu miaka 5, gawa bei yake kwa 60, kila mwezi weka kiasi hicho pembeni. Zikifa utanunua nyingine bila kumpigia mtu magoti. Vyombo vya kazi vinakufa kila siku kidogo kidogo, hata ukivifunika na shuka.

Pia mgao wa wenzako usikae akaunti moja na pesa yako. Usiku wa onyesho ugawe, au uwe na akaunti ya kundi. Nimeona vikundi vikivunjika kwa sababu kiongozi alikopa pesa ya mpiga ngoma bila mpiga ngoma kujua.

NyuziMbili

Shikamoo BibiManju, shikamoo mzee Karani. Nimefanya kazi ya nyumbani.

Nimekusanya matumizi kwa risiti na kumbukumbu, mke wangu akanisahihisha mara nne. Bei ya siku ninayo. Sitaiandika hapa, ila ilinishtua, nilidhani iko chini zaidi. Halafu nikapitia maonyesho 47 moja moja, nikatoa nauli, mgao, na vya kazi. Wastani umekuja siku 6 kwa onyesho. Lipo lililonipa 15. Yapo manne yaliyonipa sifuri, niliyapiga kwa "utajulikana".

Na hati ya mkopo nimeisoma. Mzee Karani, riba yote inadaiwa hata nikilipa kesho. Kipo kwenye kifungu cha tisa, maandishi madogo. Nilisaini mwenyewe.

BibiManju

Marahaba. Kwanza nampa mke wako heshima yake.

Sasa angalia ulichoandika. Siku 6 mara 47 ni siku 282. Mwaka una 365. Umepungukiwa siku 83.

Iangalie hiyo 83 mpaka ikukae. Hizo ndizo siku ulizoishi mwaka jana kwa mikrofoni iliyouzwa na uvumilivu wa mwenye nyumba. Ulikuja hapa ukidhani ugonjwa wako ni kutojua kuweka akiba. Sivyo. Msimu wako wa miezi 4 ulikupa maonyesho 29, yaani siku 174, na miezi hiyo ina siku kama 120. Ulibakiwa na 54. Ungeziweka zote, hata moja usiiguse, miezi 8 iliyofuata ilikuletea siku 108 na yenyewe ina siku 245. Shimo la 137, ziada ya 54, bado 83. Ungekuwa bahili wa kutisha na bado ungelala bila kitu. Nimechoka na watu wanaowaambia wasanii waache kunywa soda watatajirika.

Kwa hiyo kuna kazi mbili tofauti, na usizichanganye. Moja ni kuziba shimo, nyingine ni kusambaza maji.

Kuziba shimo. Yale manne ya "utajulikana" usiyapige tena bure, yatoze. Umeshajulikana, ndiyo maana wanakupigia simu. Kisha panda bei kidogo: wastani ukitoka siku 6 ukawa 7, kwa maonyesho yaleyale 47 umepata siku 47. Zimebaki 36. Hizo usizitafute jukwaani, jukwaa lako miezi ile limelala. Fundisha. Umesema unaitwa mashuleni. Tafuta wanafunzi, kila somo likupe nusu ya siku tu, masomo 2 kwa wiki kwa wiki 40. Hayo ni masomo 80, siku 40. Shimo limejaa na zimezidi nne.

Na usione haya kuwa na mguu wa pili. Mississippi John Hurt, mwimbaji na mpiga gitaa wa Marekani, alirekodi mwaka 1928, sahani hazikwenda, akarudi shambani kulima. Alikaa huko mpaka mwaka 1963, wapenzi wa muziki walipomfuata kijijini Avalon na kumkuta bado anajua kila kitu. Jembe halikumharibu vidole.

Kusambaza maji. Kila pesa inayoingia iende kwenye akaunti moja usiyotembea na kadi yake. Kila tarehe 1, jilipe kutoka humo siku 30, si zaidi, hata kama mwezi huo umepiga harusi kumi. Msimu unajaza, kiangazi kinapunguza. Hapo na wewe unakuwa na "mshahara ukiingia", ila mwajiri ni wewe wa mwezi uliopita. Ukiona kilichomo kinashuka chini ya siku 60, jipunguzie mwenyewe kabla mwenye nyumba hajakupunguzia.

Kuhusu deni, nilitaka kukwambia ulimalize kwanza. Karani amenizidi hapo. Endelea na marejesho yako kwa ratiba, usiharakishe, wala usikope tena kwa karatasi ambayo mkeo hajaisoma.

Sasa ofa. Miezi 8 ni siku 240. Gawa kwa nyimbo 6, ni siku 40 kwa wimbo. Siku 40, halafu hutaumiliki tena uhai wako wote, na kwa nchi nyingi ulinzi wa utunzi unaendelea angalau miaka 50 baada ya kifo. Wajukuu zako wataimba kwa barua ya ruhusa kama nilivyoambiwa mimi.

Mrudie umwambie hivi: siuzi, nakodisha. Wimbo una haki mbili, usiziache zikafungwa kwenye kifurushi kimoja. Kuna haki ya utunzi, maneno na sauti ulizobuni, na kuna haki ya rekodi, ule utepe au faili yenyewe. Akigharamia kurekodi, rekodi yaweza kuwa yake. Utunzi ubaki wako. Mpe leseni: miaka kadhaa, kwa matumizi mliyoyataja kwa majina, na ukitaka bila kukuzuia wewe kuimba na kurekodi popote. Na jiandikishe kwenye chama kinachokusanya mirabaha, yaani malipo ya watunzi nyimbo zao zinapotumika, mahali ulipo. Kisicho na jina lako kwenye orodha kinalipwa kwa mwingine au hakilipwi.

Akikupa "malipo ya awali" juu ya mirabaha, ujue huo ni mkopo wenye jina zuri. Hutaona mrabaha mpaka ajilipe kwanza. Uliza pia ni gharama zipi atakazokata humo.

KaraniMstaafu

Nyongeza fupi. Kwenye pesa inayoingia, toa kodi ya serikali kabla hujaigeuza kuwa siku. Wanaojiajiri wanaumizwa hapo: wanakula pesa ya kodi mwaka mzima kisha wanakopa kuilipa. Na BibiManju, sikukuzidi. Hati ndiyo imetuzidi sote.

TajiriMtarajiwa

Sawa nimekubali kushindwa, hesabu ya 83 imenimaliza. Ila swali la mizimu halijajibiwa. Nyimbo za bibi yake zikoje?

BibiManju

Ulikuwa utani lakini umegusa penyewe.

NyuziMbili, zile mbili huwezi kuziuza kwa sababu si zako kuuza. Ulichonacho ni mpangilio wako wa zeze na beti ulizoongeza. Hivyo ni vyako. Wimbo wenyewe ni wa walioutangulia. Na hili si la adabu tu. Kwenye mikataba ya kuuza kuna kifungu cha dhamana: unaapa kwamba wewe ndiye mtunzi pekee, na akitokea mdai mwingine hasara na gharama za kesi unabeba wewe. Shangazi yako mmoja, au kundi la kijiji cha pili linaloimba wimbo huohuo tangu enzi, linatosha. Utarudisha pesa ambayo ulishaila. Sema wazi kwenye karatasi: "wimbo wa asili, mpangilio na beti za nyongeza ni za fulani".

Na upande wa pili pia linda. Elizabeth Cotten wa North Carolina, Marekani, yule mama wa mkono wa kushoto aliyepiga gitaa likiwa limepinduliwa juu chini, alitunga Freight Train akiwa binti mdogo. Miaka ya 1950 wimbo ulifika Uingereza kwa mdomo, watu waliousikia wakauandikisha kwa majina yao kana kwamba umeokotwa, na mwaka 1957 ukavuma kule. Ilibidi kupigana ndipo jina lake lirudi. Kila mtu aliamini ni wimbo wa asili usio na mwenyewe, na mwenyewe yupo hai, anafanya kazi za ndani kwa familia ya kina Seeger! Kwa hiyo nyimbo zako nne zilizotoka kichwani mwako ziandike leo: maneno, tarehe, rekodi ya simu, na nani alibuni nini kati yenu watatu. Ile sehemu ya kuitikia mliyoizoea, ni ya yule dada au ya kwako? Kaeni mkubaliane asilimia mkiwa bado mnapendana, mwandike, wote watatu msaini.

Nampenda huyo mama kwa jambo jingine pia. Akiwa mtoto alikwenda kufanya kazi za ndani, ujira wake haukuzidi dola 1 kwa mwezi. Mama yake akamwekea, mpaka wakaweza kununua gitaa la dola 3.75. Miezi ya kufua na kufagia, kwa gitaa moja. Mwaka 1985 akapata tuzo ya Grammy, ana zaidi ya miaka 90. Siku moja nitawaeleza nilivyonunua zeze langu la kwanza, lakini si leo, kisa hicho kina mume ndani yake.

NyuziMbili

Wadau, nimerudi baada ya wiki tano. Naleta mrejesho kwa sababu huwa nakereka mtu akiomba ushauri halafu anapotea.

Nilikaa na wenzangu kwanza. Haikuwa rahisi. Ilibainika kwamba kiitikio cha wimbo wetu unaopendwa kuliko zote ni cha yule dada, na kwa miaka mitano nimekuwa nikitangaza jukwaani "wimbo wangu". Hakuwahi kulalamika. Tumeandika yeye ana asilimia 40 ya huo. Mpiga ngoma hakutaka asilimia ya utunzi, alitaka alipwe usiku uleule wa onyesho, basi. Nimeanza.

Kisha nikamwendea mtayarishaji. Nilimwambia maneno ya BibiManju, siuzi nakodisha. Alicheka, akasema wasanii wa siku hizi wamesoma sana mitandaoni. Tukazunguka mara tatu. Za bibi yangu akaziacha mwenyewe nilipomwonyesha sentensi ya "wimbo wa asili". Mbili nyingine akasema hazimfai bila umiliki. Mbili zilizobaki amekubali leseni ya miaka 3, rekodi ni yake, utunzi ni wetu, na ninaruhusiwa kuziimba popote. Malipo si yale ya mwanzo. Baada ya mgao wa yule dada na kutenga kodi, nimebaki na siku 31.

Sitawaficha, nilipotoka pale nilijilaumu njia nzima. Siku 240 zilikuwa mezani nikaondoka na 31. Nilipofika nyumbani mke wangu akaniuliza nyimbo ngapi bado ni zetu. Nikamwambia zote. Akarudi kupika.

Wanafunzi nimepata watatu, wawili wanalipa kwa wakati. Onyesho la kwanza kwa bei mpya walikubali bila hata kubishana, nikatamani ningeongeza mapema zaidi. La pili walikataa, wakamchukua mwingine. Marejesho ya spika yamebaki 3.

Bibi, swali la mwisho, halina uhusiano na pesa. Nyuzi zangu zinakatika kila wiki ya tatu. Zako unatumia za chuma au nailoni?

BibiManju

Nailoni ya kuvulia samaki, ile nene. Siku moja yako inanunua za mwaka mzima na utabakiwa na za kumpa huyo mwanafunzi asiyelipa kwa wakati.